Kura Mbili za Shamba la Maua

Aliyenifanya niwe mjumbe wa wafanyakazi ni wifi yangu, mke wa kaka. Tulikuwa kiwanda kimoja cha kushona sare, mimi kwenye meza ya ukaguzi, yeye kwenye cherehani ya vifungo. Jina langu lilipopendekezwa, alizunguka mstari hadi mstari wakati wa chai akiwaambia wanawake kwamba mimi nina mdomo na sina woga. Mdomo nilikuwa nao nikiwa na watu ninaowajua. Woga nilikuwa nao siku zote. Lakini nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, ninaweza kusoma karatasi ya Kiingereza bila kuomba msaada, na kiwandani kwetu wanawake tulikuwa wengi kuliko wanaume. Nikapita.

Ujumbe wenyewe ulikuwa wa mfuko wa pensheni. Watu wa siku hizi wanaijua mifuko mikubwa ya serikali. Sisi tulikuwa na wetu, mdogo, wa kiwanda chetu na viwanda viwili ndugu zake vilivyokuwa chini ya shirika moja la umma. Kila mwezi tulikatwa kidogo kwenye mshahara, mwajiri akaongeza chake, na fedha hiyo ikawa mikononi mwa wadhamini watano: watatu wa upande wa mwajiri, akiwemo mwenyekiti, na wawili wa wafanyakazi. Kabla yangu wajumbe wetu walikwenda mjini, wakanywa chai, wakasaini, wakarudi, na hakuna aliyewauliza wameamua nini. Tulidhani fedha ya uzee inakaa tu mahali, kama mahindi ghalani, ikitusubiri.

Mwenzangu wa upande wa wafanyakazi alikuwa mzee wa stoo, Mpare mmoja mtaratibu, mwenye kofia ya kufuma aliyoivaa hata wakati wa joto. Alikuwa amebakiza miaka michache astaafu. Siku ya kikao changu cha kwanza alinikalisha karibu naye, akaninong'oneza niangalie kwanza wenzangu wanafanya nini. Sikujua hata nimwite mwenyekiti nani, kwa maana ilikuwa ni wakati ambapo neno ndugu lilikuwa linatoka maofisini na neno mheshimiwa linaingia. Nikamwita mzee, naye akacheka, kwa sababu tulikuwa karibu rika moja.

Ilikuwa pia wakati mbaya kwa kiwanda. Soko lilikuwa limefunguliwa, na mitumba ilitandazwa kila mahali kuanzia sokoni mpaka kandokando ya barabara ya Nairobi kule Sakina, ambako kaka yangu alikuwa na gereji yake ndogo. Shati la mtumba lilikuwa zuri na rahisi kuliko letu. Hoteli zilizokuwa zikishonesha kwetu zikaanza kuagiza Dubai. Tulisikia kwamba shirika linatafutiwa mwekezaji, na kwamba mwekezaji hataki watu wengi. Neno la kupunguzwa lilipoingia kiwandani, watu waliacha kuzungumza kwa sauti, hata chooni.

Katikati ya hofu hiyo katibu wa mfuko, kijana mpole aliyesomea uchumi, alituletea pendekezo. Alisema fedha za wanachama zilikuwa zinaliwa na kupanda kwa bei, lazima ziwekwe mahali zikue. Alikuwa na sehemu mbili mkononi. Ya kwanza ilikuwa jengo la maduka katikati ya mji. Ya pili ilikuwa shamba la kahawa lililochoka, upande wa Usa River, chini ya Mlima Meru, ambalo wageni fulani walitaka kuligeuza liwe shamba la mawaridi ya kupeleka Ulaya kwa ndege. Walikuwa wanatafuta wabia wa hapa nchini wanunue hisa. Wajumbe wa mwajiri walielekea kwenye jengo, maana jengo unaliona.

Mimi nilifikiria cherehani zetu. Niliuliza shamba la maua linahitaji watu wangapi, na katibu akasema wengi, na karibu wote ni wanawake, kwa sababu mkono wa mwanamke ni mwepesi kwenye ua. Ndipo nikasimama. Nakumbuka nilivyosimama, ingawa kwenye kikao kile watu walizungumza wakiwa wamekaa. Nilisema fedha hii ni ya watu ambao kesho watafukuzwa kazi, na haifai ikanunue vioo vya maduka wakati inaweza kuwanunulia kazi wao wenyewe. Nikaomba tununue hisa za shamba, lakini kwa sharti kwamba wanawake watakaopunguzwa kiwandani kwetu wachukuliwe kwanza. Mwenyekiti alinitazama kwa muda, akamwambia katibu aandike sharti hilo. Tukapiga kura kwa kunyoosha mikono. Yangu ilikuwa ya kwanza juu.

Niliporudi na kuwaeleza watu, walinishangilia. Wifi alinikumbatia mbele ya msimamizi. Mzee wa stoo, ambaye naye alikuwa amenyoosha mkono, aliniambia kwamba kwa miaka yote aliyokaa pale hajawahi kuona mjumbe wa wafanyakazi akiweka sharti likaandikwa. Nilitembea na maneno hayo wiki nzima.

Orodha ya kupunguzwa ilibandikwa baada ya mvua za masika. Wifi alikuwemo, mimi sikuwemo. Hakulia. Alikunja aproni yake, akaiweka juu ya cherehani, akaniuliza maua yanaanza lini.

Yeye alikuwa Mmeru wa kule kule juu, mama yake alichuma kahawa katika shamba lile lile alipokuwa binti. Kwa hiyo kwake ilikuwa kama kurudi nyumbani, ingawa kwa wakati huo yeye na kaka walikuwa wamejenga vyumba viwili Moshono na kila alfajiri alilazimika kuteremka kwa miguu kwenda kupanda lori la shamba barabarani. Mwanzo walimweka kwenye chumba cha kupanga, kuchagua maua kwa urefu na kuyafunga. Alifurahi. Alinieleza majina ya rangi ambazo sikujua kwamba zina majina. Alinieleza jinsi ua lililofunguka mapema kidogo linavyotupwa, hata likiwa zuri kiasi gani, kwa sababu litafika limezeeka. Kaka alirudi kuwa mcheshi, akawa ananiita mheshimiwa mbele ya mafundi wake, na nilipopita Sakina walinipigia saluti na spana zao.

Baada ya kama mwaka hivi walimhamishia kwenye mabanda yenyewe, yale marefu ya nailoni ambamo maua hupandwa. Hakuniambia. Niliendelea kumwona kanisani Jumapili na kwenye sherehe za ukoo, na niliona amepungua mwili, nikadhani ni kazi na safari.

Jumamosi moja nilikwenda Moshono bila taarifa kuwapelekea ndizi kutoka nyumbani kwa wazazi wetu Kilimanjaro. Alikuwa ametoka kuoga, ana khanga kifuani na maji yanamtiririka mabegani. Nilimpa mkono, yeye akanipa kifundo cha mkono, kama tunavyofanya mtu akiwa na unga au udongo kwenye vidole. Nikamuuliza kwa nini, si ametoka kuoga? Akasema amezoea tu. Nikamshika, nikageuza kiganja. Ngozi ilikuwa imebambuka kati ya vidole, nyekundu kama ya mtoto mchanga, na kucha mbili zilikuwa zimeachia.

Ilibidi nimwulize mara tatu. Mwisho alikaa kwenye kigoda, akaniambia taratibu, bila kulalamika, kama mtu anayeeleza njia. Wanaume wa dawa za wadudu wanapita na mipira wakipuliza, na wao wanawake wanaendelea kukata, maana ndege haisubiri. Majani yanakuwa bado yamelowa. Glovu zipo lakini zimetoboka, na ukivaa unachelewa. Jioni hakuna maji ya kuoga, kwa hiyo dawa wanapanda nayo lori na kushuka nayo nyumbani. Mtoto wake wa miaka minne alikuwa ameshafundishwa asimkumbatie mama mpaka atoke bafuni.

Nilimuuliza kwa nini alinificha. Akavuta khanga yake vizuri.

"Wifi, wewe ndiye uliyetuletea ile kazi," akasema. "Ningeanzia wapi kukwambia?"

Wiki iliyofuata nilimwomba katibu anipangie ziara, nikiwa mdhamini. Tulipokewa vizuri. Meneja, mgeni mrefu aliyekijua Kiswahili cha kutosha kutania, alitupitisha kwenye chumba cha kupanga, kisafi kama hospitali, na akatupa chai yenye maziwa. Niliomba kuona mabanda. Akasema leo hakuna kinachopulizwa, karibuni. Ndani kulikuwa na joto la kukaba koo, na harufu niliyoitambua mara moja, kwa kuwa ilikuwa kwenye nywele za wifi yangu hata kanisani, na mimi nilikuwa nimedhani ni mafuta. Wanawake walikuwa wameinama kwenye mistari. Nilimwona wifi, hatua kumi kutoka kwangu. Aliinua macho, akanipita nayo kama asiyenijua, akainama tena kukata. Nilielewa kwamba anailinda kazi yake. Hata hivyo iliniuma, na mpaka leo nikifumba macho naiona ile sura iliyonipita.

Wakati wa kuondoka meneja alinipa fungu la mawaridi, meupe. Nilikuwa sijui nikatae vipi. Niliyabeba mpaka kituoni, nikampa mama mmoja aliyekuwa anauza maparachichi.

Kwenye kikao kilichofuata nilipeleka mambo manne. Watu watoke bandani wakati wa dawa na wasirudi mpaka majani yakauke. Kuwe na glovu nzima. Kuwe na maji ya kuoga kabla ya lori kuondoka. Na mdhamini mmoja wa upande wa wafanyakazi atembelee shamba kila baada ya miezi mitatu, aongee na wafanyakazi bila meneja. Nilitegemea mwajiri atapinga. Aliyepinga ni mzee wa stoo. Alivua kofia yake, akaiweka mezani.

"Binti yangu, sisi hatukuchaguliwa kutunza maua," alisema. "Tumechaguliwa kutunza uzee wa watu. Shamba likipata hasara kwa sababu ya masharti yetu, nitawaambia nini wenzangu tunaotoka mwakani?"

Nilimweleza tu habari ya kucha. Nilimweleza na habari ya mtoto anayengoja bafuni, na kwamba wanawake wale aliwajua wote kwa majina kwa kuwa alikuwa akiwapa uzi na vifungo dirishani kwake miaka yote ile. Mwenyekiti alipoita kura, mzee alivaa kofia yake na kunyoosha mkono pamoja nami, na mmoja wa upande wa mwajiri akatufuata. Barua ikaandikwa kwa jina la mfuko, mwenye hisa.

Nataka niseme wazi kwamba barua ile ilifanya kazi. Sikuamini mpaka nilipoona. Walijenga bafu sita za matofali. Walitundika kipande cha reli kwenye mti, na dawa ikianza kinagongwa, watu wanatoka, na hakuna kurudi mpaka kigongwe tena. Nilikwenda kila miezi mitatu, nikakaa na wanawake chini ya paa la kupumzikia wakala ugali, na mambo waliyoniambia niliyapeleka mjini, mengine yakarekebishwa na mengine yakacheleweshwa. Mikono ya wifi ilipona. Kucha zilirudi, moja ikiwa imepinda. Pale shambani tuliacha kujifanya hatujuani. Miaka ile miwili ndiyo ninayoiona kuwa kazi pekee ya maana niliyofanya katika ujumbe wangu, na ndiyo niliyoivunja kwa mkono wangu mwenyewe.

Wifi alipata mimba. Walikuwa wamengoja sana mtoto wa pili, na kaka alianza kupiga hesabu ya kuongeza chumba. Mimba ilipofika mwezi wa tano ilitoka. Ilitokea nyumbani, siku ya mapumziko, mchana, akiwa anachambua mboga. Tulimpeleka hospitali kwa gari la mteja lililokuwa gereji. Daktari alimuuliza anafanya kazi gani, akamjibu, naye akaandika kwenye cheti. Nilimfuata koridoni, nikamuuliza kama ni dawa. Alisema mimba hutoka kwa sababu nyingi, na yeye hawezi kuapa. Alisema pia, akiwa ameshaanza kuondoka, kwamba angekuwa dada yake asingemrudisha kule.

Kaka alizika kile kidogo tulichopewa kuzika. Wifi alilala wiki mbili akiangalia ukuta. Nilikuwa nikienda kila siku baada ya kazi, nampikia mtori, anakunywa vijiko vitatu, ananirudishia bakuli. Sikuweza kujivumilia. Nilijiona nimesimama kwenye kikao kile cha kwanza, mkono juu, nimejaa fahari. Nilifikiri kwamba barua na bafu na ziara ni kujipaka poda, na kwamba mtu mwadilifu hapaswi kumiliki hata kipande cha mahali kama pale.

Kikao cha mwisho wa mwaka kilipofika, nilisimama tena. Nilisema sitaki pensheni yangu itoke mle. Nilisema itakapofika siku ya kuichukua, nitakuwa nachukua bei ya mtoto wa kaka yangu. Niliyasema hayo mbele ya watu ambao hawajawahi kuniona nikilia, na nililia. Mwenyekiti aliinamisha kichwa. Katibu alisubiri kwa heshima, kisha akaeleza kwamba kwa bahati kuna mnunuzi, kampuni ya nje inayokusanya mashamba ya namna ile, na bei yake si mbaya. Mzee wa stoo alikuwa ameshastaafu, mwingine alikaa kwenye kiti chake, na huyo alikubali kila nilichosema. Hakuna aliyebisha. Tukanyoosha mikono wote watano. Nilitoka pale mwepesi, kama mtu aliyetubu akasamehewa.

Nilikwenda moja kwa moja Moshono kumwambia. Wifi alikuwa amepata nafuu na alikuwa amerudi kazini wiki ile ile, jambo ambalo sikulijua. Alikuwa jikoni, anapuliza moto. Nilimwambia tumetoka, tumeuza hisa zote, mfuko hauna tena mkono wake mle. Nilidhani atanishukuru, au angalau atalia nami. Aliacha kupuliza. Moshi ukamjia usoni na hakusogea.

"Mlituuliza?" akasema.

Sikumwelewa. Akarudia, akasema mlituuliza sisi tuliomo ndani kama tunataka muondoke?

Nikasema nimefanya kwa ajili yake. Nikamtajia mtoto. Alinyanyua mkono kidogo, kunizuia nisiendelee na habari hiyo.

"Wifi, meneja hakuwa anatuogopa sisi. Alikuwa anaogopa barua yenu. Ulikuwa unakuja, anajua unakuja, anaweka sabuni bafuni. Sasa atamwogopa nani?"

Alinipakulia chakula, tukala. Alinisindikiza mpaka kwenye kona kama kawaida yetu, na pale tukaagana kwa mkono.

Kila alichosema kilitokea, wala hakikuchukua muda. Mwenye shamba mpya alileta meneja mwingine. Kile kipande cha reli kiliendelea kuning'inia lakini hakikugongwa, kwa sababu kusimamisha kazi ni hasara. Bafu zikageuzwa stoo ya mbolea. Muda wa ziara yangu ulipofika nilikwenda hata hivyo, nimevaa gauni langu la kikao, na mlinzi aliyekuwa akinifungulia geti kila mara akaniamkia vizuri, akaingia kibandani, akapiga simu, akarudi anatazama chini.

"Samahani mama, wanauliza wewe ni nani hapa sasa."

Nilikuwa wifi ya mtu mmoja mle ndani. Kwa geti lile hiyo haikuwa kitu. Nilimuaga, nikarudi barabarani kwa miguu, na kushoto kwangu mlima ulikuwa wazi kabisa siku hiyo, bila wingu, mashamba yamepanda mpaka karibu na msitu.

Niliandika barua kwa jina langu. Nilikwenda kwenye ofisi ya serikali inayohusika na usalama kazini, nikaambiwa gari halina mafuta na mkaguzi ni mmoja kwa mikoa miwili. Nilirudi kwa katibu wa mfuko kumuuliza kama tunaweza kununua tena hata hisa chache, ili tupate angalau kiti cha kuulizia. Alinihurumia. Alisema mnunuzi hauzi, na kwamba fedha ile imeshaingia kwenye jengo la maduka.

Kiwanda chetu nacho kilipata mwekezaji, akakifanya ghala. Mfuko ulivunjwa, kila mtu akapewa chake, na ujumbe wangu ukaisha bila hata kikao cha kuagana. Nilihamia Elerai, nikaanza kushonea watu nyumbani.

Wifi aliendelea na shamba miaka minne baada ya hapo. Nilimwomba aache, nikamwambia aje tushone wote. Alisema cherehani moja haiwezi kulisha nyumba mbili, na alikuwa sahihi. Hakuninunia. Ingekuwa rahisi kwangu kama angeninunia. Alikuja kunisalimia, alinitania kuhusu mishono yangu, aliniletea maparachichi ya kwao. Ila kuhusu kazi hakuniambia tena lolote, zuri wala baya, na nilipouliza alisema tunaendelea.

Alianza kuvimba miguu, kisha uso. Ilipojulikana kuwa ni figo, ugonjwa ulikuwa umeshakwenda mbali. Sitasema kwamba dawa za maua ndizo zilizomuua, kwa sababu sijui, na nimeshawahi kusema mambo kwa uhakika kuliko nilivyoyajua. Nasema tu kwamba alikuwa na miaka thelathini na nane. Wodini alilazwa kitanda cha dirishani. Siku moja kabla hajapoteza fahamu, nilikuwa namkanda miguu, nikamwambia anisamehe. Alifungua macho, akauliza kwa lipi. Nikasema kwa kura zote mbili. Alifikiri kidogo, kama mtu anayechagua vifungo vya kufanana.

"Ya kwanza ilinilisha," akasema. "Ya pili ungenisubiri nipone, tungekwenda wote."

Tulimzika kihambani kwetu Kilimanjaro, chini ya migomba, karibu na baba. Wanawake wa shambani walikuja na lori zima, waliomba ruhusa na wakakatwa mshahara wa siku hiyo. Walisimama nyuma, mikono wameificha ndani ya khanga. Wakati wa salamu za rambirambi mchungaji aliuliza kama kuna anayewakilisha wenzake wa kazini. Walitazamana. Hakutoka mtu.

Kwa muda mrefu sikuweza kwenda Sakina. Nilijua kaka hajanitamkia neno, na nilichukulia kwamba kimya hicho ndiyo lawama yake. Mwisho nikaenda, miezi kama minane baada ya mazishi. Alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana. Nilikaa kwenye tairi nikamngoja. Alipotoka aliniona, akajifuta mikono, akavuta tairi jingine na kukaa karibu yangu. Basi za Nairobi zilikuwa zinapita na ilibidi tungoje kelele zipungue ndipo mtu aseme neno.

Nilimwambia yote. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyempeleka mkewe shambani, na kwamba kinga aliyokuwa nayo ni mimi niliyemwondolea, kwa kujitakasa, bila kumuuliza. Alisikiliza mpaka mwisho, huku akiangalia barabara.

"Nilikuwa nakulaumu," akasema. "Siku ile ulipomwambia mmeuza, akanisimulia ulipoondoka, nilikutukana. Yeye akasusa kula. Akasema nisirudie, kwamba wewe ndiye mtu pekee aliyewahi kuingia kule akauliza wanaoga wapi."

Fundi mmoja akaja kumuuliza kuhusu boliti fulani, akamwelekeza kwa kidole.

"Alikutetea miaka yote ile," kaka akasema. "Mimi ndiye ambaye sikukutetea."

Akaenda kunawa kwenye ndoo. Kisha akatoa chai kwenye chupa, akamimina kwenye kikombe kimoja kilichokuwepo, akanipa mimi ninywe kwanza.